Je, ni kweli bahari iliukimbia mji wa Aigues-Mortes?

"Habari za kazi mwalimu. Mimi ni dada wa Malindi, nasoma Montpellier, kusini mwa Ufaransa, huu mwaka wa pili. Juzi tulienda na wenzangu Aigues-Mortes, kale kamji kenye ukuta mzima umekazunguka. Aliyetutembeza alituambia mfalme Louis Mtakatifu alipanda meli pale chini ya ukuta kwenda Vita vya Msalaba, na tangu siku hizo bahari imerudi nyuma kilomita 6. Nikachanganyikiwa, shuleni tumefundishwa bahari inapanda, na hapa chuoni wanasema hivyohivyo, sasa hapo imeshukaje? Alafu yale maji ya pinki nyuma ya ukuta ni uchafu wa kiwanda ama nini? Nauliza pia kwa sababu mimi na mwenzangu tumeona nyumba ya kupanga huko, kodi nafuu kidogo, lakini nilipomtumia mama picha akaona mabwawa pande zote akakataa kabisa, anasema nisipokufa na mafuriko nitakufa na malaria. Nimwambie nini?"

Dada yangu, umesikia mambo mawili yanayogongana na hukukubali kuyameza yote, na kwa hilo tu nakushukuru, manake huu mji watu wanapita maelfu kila kiangazi na karibu wote wanaondoka na hiyohiyo hadithi ya bahari iliyokimbia. Nitakujibu yote ila sitafuata mpangilio wako, naanza na ukuta, ukishaelewa ukuta mengine yatakuwa mepesi.

Louis wa 9, ndiye huyo Louis Mtakatifu, hakuwahi kuuona ule ukuta, hata siku moja. Alifariki tarehe 25 Agosti 1270 karibu na Tunis, kwenye safari yake ya pili ya msalaba, na kazi ya ukuta ilianza 1272 chini ya mwanawe Philippe wa 3, akapewa mtu mmoja wa Genoa, Italia, anaitwa Guglielmo Boccanegra aisimamie, naye hakuimaliza, ikaja kukamilika enzi za mjukuu, Philippe wa 4, pale karne ya 13 inapoisha. Kwahiyo hiyo picha ya mfalme anashuka ngazi za ukutani anaingia melini haiwezekani hata kabla hatujaigusa bahari. Kilichokuwepo siku zake ni ule mnara mnene wa duara uliouona kona ya kaskazini magharibi, Tour de Constance, wenye kuta za unene wa mita 6 na kule juu kabisa wakaweka kimnara kidogo cha taa ya kuongoza meli. Ukitazama vizuri utaona mnara umejitenga, umesimama nje ya mstari wa ukuta umeunganishwa na daraja tu, ni kwa sababu wenyewe ulitangulia.

Sasa bahari. Wakati wa Louis bahari haikufika pale mjini. Kati ya mji na bahari kulikuwa na maji, hilo kweli, lakini ni maji ya mabwawa, yale maziwa mapana ya chumvi yasiyo na kina, na baada yake ndo unakuta ulimi mrefu wa mchanga, alafu bahari yenyewe. Injinia Charles-Léon Dombre aliyechunguza sehemu hiyo alionyesha kuwa bandari ilikuwa ni mkusanyiko wa vitu vitatu: bwawa linaloitwa Marette lililo karibu na mji, kutoka hapo mfereji, Canal-Viel, na mwisho wa mfereji kuna mlango uliopasua mchanga, Grau Louis, ambao ulikuwa karibu na pale ilipo La Grande-Motte leo, ule mji wa maghorofa ya mfano wa piramidi, bila shaka umeshaenda kuogelea huko. Meli kubwa zilitia nanga nje, watu, farasi na mizigo wakapelekwa na vyombo vidogo. Hivo ndivyo ilivyokuwa 1248 safari ya kwanza ilipoondoka tarehe 25 Agosti, na hivo ndivyo ilivyokuwa 1270.

Utauliza basi, mfalme wa Ufaransa mzima alikosa pwani nzuri mpaka akaja kujenga kwenye tope? Ndio, alikosa. Hapa watu wengi wanakosea kwa sababu wanaisoma ramani ya leo. Ukitoka mashariki, Marseille na Provence yote haikuwa yake, ilikuwa ya mtawala wa Provence chini ya Dola Takatifu. Ukienda magharibi, Montpellier hiyohiyo unayosoma wewe ilikuwa mikononi mwa ukoo wa wafalme wa Aragon tangu 1204, mfalme wao mkubwa Jaume wa 1 amezaliwa hapo hapo mjini mwaka 1208. Taji la Ufaransa lilipata nchi ya kusini baada ya vita vya Waalbigensi, vita dhidi ya Wakristo wa kusini walioitwa wazushi, na mkataba wa Paris wa 1229, na katika pwani yote kilichobaki wazi ni kipande hiki cha mabwawa, ambacho hata hicho kilikuwa mali ya watawa wa monasteri ya Psalmodi, ikabidi azungumze nao ndo akakipata mwaka 1240. Alafu kupata watu wa kuishi humo ilikuwa kazi nyingine, homa, mbu, hakuna maji matamu ya kutosha, hakuna shamba la maana, kwahiyo 1246 akatoa hati ya kuwasamehe wakazi kodi nyingi ili wakubali kuhamia. Mama yako angekuwepo 1246 angekuwa na haki kabisa ya kukataa.

Na kuna jambo dogo linaonyesha alivyoipenda hii ardhi kwa kuwa ilikuwa yake. Mwaka 1254 anarudi kutoka mashariki, ameshatekwa Misri akakombolewa, ameshakaa miaka huko, meli inafika mbele ya Hyères kwenye pwani ya Provence, na yeye anakataa kushuka, anasema nitashuka Aigues-Mortes kwenye nchi yangu mwenyewe. Malkia na washauri wake walimsihi mpaka akakubali kushuka hapo Hyères, kwenye nchi ya mdogo wake.

Turudi kwenye mchanga, hapa ndipo kiini cha swali lako kilipo. Wewe ni mtu wa Malindi kwahiyo nusu ya kazi ya kufundisha umeniondolea. Unajua Sabaki inavyoshusha tope jekundu kutoka bara, bahari ya Malindi inakuwa kahawia msimu wa mvua, na ufuo umezidi kupanuka, watu wazima wanakuonyesha pale maji yalipokuwa yakifika wakiwa watoto. Hakuna mtu Malindi anasema bahari imeshuka, kila mtu anaelewa ni mto umeleta ardhi. Aigues-Mortes ni hivohivo, ila mto ni Rhône, unaotoka milima ya Alps na barafu zake, nao umekuwa ukimwaga mashapo hapo kwa maelfu ya miaka.

Miaka kama 20,000 iliyopita, dunia ikiwa na barafu nyingi, bahari ilikuwa chini kwa mita kama 120 kuliko leo. Barafu ikayeyuka bahari ikapanda kwa kasi, mpaka miaka kama 6,000 iliyopita kasi ikapungua sana, na hapo ndo Rhône ikapata nafasi ya kujenga delta yake, manake mto hauwezi kujenga mahali ambapo bahari inameza haraka kuliko unavyoleta. Ukawa unabadili njia, unaacha mkono mmoja unafungua mwingine, na mmoja wa mikono hiyo ya magharibi ulikuwa ukimwaga upande wa Peccais, jirani kabisa na Aigues-Mortes. Mchanga ukifika baharini haukai. Upepo na mawimbi yanausukuma sambamba na pwani, hapa kwa sehemu kubwa kuelekea magharibi, unajipanga kuwa ndimi ndefu, na nyuma ya ulimi wa mchanga maji yanabaki yamefungiwa, ndo yanakuwa bwawa. Ukiangalia Google Maps kwa picha ya satelaiti utaiona hiyo mistari imejipanga mmoja nyuma ya mwingine, kila mstari ulikuwa ufuo wa zamani.

Alafu kuna hili ambalo watalii hawaambiwi, na kwa mtu wa pwani yetu ni geni kweli: Mediterania karibu haina maji kupwa na maji kujaa. Kwenu Malindi bahari inapanda na kushuka mita 3 na zaidi siku za bamvua, na yale maji yakitoka yanafagia milango yote, hori na mito ya pwani inabaki wazi bila mtu kuchimba. Aigues-Mortes tofauti ni makumi machache tu ya sentimita. Hakuna wa kufagia. Mlango wa bahari ukifunguliwa leo kwa dhoruba, mchanga unaanza kuufunga kesho, na mfereji usipochimbuliwa tope kila mara unajaa. Ndo maana nasema bandari hii ilizaliwa mgonjwa, tangu siku ya kwanza iliishi kwa majembe.

Kwahiyo je, ufuo umesogea tangu Louis? Umesogea, lakini si kilomita zote hizo, na si kila mahali kwa upande mmoja. Nenda Espiguette, ile rasi ya mchanga kusini ya Le Grau-du-Roi, kuna mnara wa taa uliojengwa 1869 karibu na maji, leo ukitoka mlangoni kwake unatembea mchangani mamia ya mita kabla hujalowa mguu. Hapo ardhi inakua. Lakini panda basi uende mashariki Saintes-Maries-de-la-Mer, pwani hiyohiyo, siku hiyohiyo, unakuta kinyume, mji ambao zamani ulikuwa mbali na maji sasa mawimbi yako mlangoni, wamerundika mawe kila upande kuyazuia. Na vitu hivi viwili vimeungana, mchanga unaoliwa upande ule ndo sehemu yake inaenda kujazia Espiguette. Ingekuwa bahari ndiyo iliyoshuka, ingeshuka pote. Ukimpata mtu anakubishia, mpe huo mfano mmoja tu.

Na bahari yenyewe inapanda, walimu wako wako sahihi. Pale Marseille kuna kituo cha kupimia kina cha bahari kinachofanya kazi tangu 1885, ndicho hicho Wafaransa walichotumia kuweka sifuri ya urefu wa milima yao yote, na tangu hapo bahari imepanda zaidi ya sentimita 15. Alafu mto wenyewe siku hizi hauleti mashapo kama zamani, karne ya 19 walijenga matuta marefu hasa baada ya mafuriko makubwa ya 1856, miteremko huko juu ikapandwa miti, na karne ya 20 yakaja mabwawa ya umeme, mchanga unabaki njiani. Hivyo ukichukua delta kwa jumla, siku zijazo wasiwasi ni kuliwa, sio kukua.

Sasa basi nani aliiua bandari kama si bahari? Tope na siasa, na mimi naipa siasa nusu kubwa. Bandari ilipewa upendeleo mkubwa, meli zinazopita eneo hilo zililazimishwa kuingia kulipa ushuru, na muda kidogo mji ulishamiri. Lakini upendeleo ulikuwepo kwa sababu mfalme hakuwa na pengine. Mwaka 1349 taji likanunua Montpellier. Mwaka 1481 Provence na Marseille yake, bandari ya mawe yenye kina, ikaingia Ufaransa. Nani tena atalipa watu kuchimbua tope la Canal-Viel wakati ana Marseille? Bado mji ulikuwa na hadhi, 1538 Charles wa 5 na François wa 1, mahasimu wakubwa wa Ulaya, walikutana hapo hapo, ila biashara ilishaanza kuhama. Na 1666 wakaanza kujenga bandari mpya ya Sète, hiyo ikawa mwisho wa mjadala. Karne ya 18 wakachimba mfereji wa moja kwa moja kwenda Le Grau-du-Roi, urefu wake ndo hizo kilomita 6 ulizosikia, lakini ulipokuja ulikuta mji umeshakuwa mji wa chumvi na uvuvi. Le Grau-du-Roi ikajitenga kuwa manispaa yake 1879.

Na usisikitike sana kuhusu huo umaskini, ndo uliouokoa ukuta. Miji tajiri ilibomoa kuta zake kujitanua, Aigues-Mortes haikuwa na sababu ya kujitanua wala pesa ya kubomoa, ndo maana leo una mita 1,600 na zaidi za ukuta wa karne ya 13 umesimama wote.

Maji ya pinki: sio uchafu. Kile unachokiona kusini ya ukuta ni mashamba ya chumvi, wanapampu maji ya bahari yanatembea polepole kutoka dimbwi moja hadi jingine miezi mizima, jua na upepo vinakausha, chumvi inazidi. Maji ya Mediterania yanaingia na gramu kama 37 za chumvi kwa lita, na yakifika karibu gramu 260 chumvi ya mezani inaanza kuganda. Kabla ya hapo karibu hakuna kiumbe kinaweza kuishi humo isipokuwa mwani mmoja mdogo sana usioonekana kwa macho, Dunaliella salina, ambao kujikinga na jua na chumvi hutengeneza beta-karotini kwa wingi, ileile iliyomo kwenye karoti. Kuna na vijidudu vingine vya chumvi vyenye rangi hiyo. Vikamba vidogo vya Artemia vinakula mwani, flamingo wanakula vikamba, na rangi inahamia kwenye manyoya. Si sumu, lakini usiingie kuoga kama wale wa kwenye video, ni mali ya kampuni, na chumvi ya kiasi kile ikikuingia jichoni utalia siku nzima. Nenda mwisho wa Agosti au Septemba wakati wa mavuno, ndo rangi iko kali na vilima vyeupe vya chumvi vinapanda.

Hukuniuliza hili lakini siwezi kukuzungumzia ile chumvi nikaliruka, na naona ni kosa kumtembeza mtu Aigues-Mortes bila kulitaja. Agosti 1893 kampuni ya chumvi ilikuwa na vibarua mia kadhaa kwa mavuno, Wafaransa kutoka milima ya Ardèche, watu wasio na makazi waliokuwa wakizunguka kutafuta kazi, na Waitaliano, wengi kutoka Piemonte. Kazi ni kusukuma toroli la chumvi kwenye jua, malipo kwa kipande, na timu zikachanganywa, mwenye kasi anaona mwenzake anamcheleweshea hela na huyu mwingine anaona anauliwa na kazi. Tarehe 16 ugomvi ukaanza huko mashambani, mahali panaitwa Fangouse, uvumi ukafika mjini kuwa Waitaliano wameua watu, ulikuwa uongo, umati ukaanza kuwawinda mitaani, wengine wakajifungia kwenye duka la mkate. Kesho yake askari walipokuwa wanawasindikiza kundi moja kwenda stesheni, umati wenye marungu, majembe na bunduki ukawavamia njiani. Hesabu rasmi ni 8 waliokufa na majeruhi wengi. Desemba mwaka huo kesi ilisikilizwa Angoulême, washtakiwa wote wakaachiwa. Wote. Ukipita lile lango la kusini ukaelekea kwenye chumvi, ujue ni hapo. Kwetu sisi tunaoishi ugenini na kufanya vibarua vya msimu, hii sio habari ya watu wa zamani.

Na ukirudi tena, lipa kiingilio upande juu Tour de Constance, chumba cha juu. Katikati ya sakafu kuna tundu la duara limezungushiwa mawe, na kwenye ukingo wa jiwe hilo kuna herufi zimekwaruzwa kwa mkono, Résister, yaani kupinga, kutokubali. Baada ya 1685 mfalme Louis wa 14 alipofuta Amri ya Nantes, Waprotestanti wakakatazwa dini yao na mnara ukageuzwa jela, baadaye jela ya wanawake. Marie Durand aliingizwa humo 1730, msichana wa miaka 19 hivi kutoka Vivarais, kaka yake Pierre alikuwa mchungaji wa siri na akanyongwa Montpellier 1732. Marie angeweza kutoka siku yoyote kwa kusema neno moja la kukana. Alitoka 1768. Miaka 38. Yale maandishi inaaminika ni mkono wake, na barua zake alizoandika akiombea wenzake chakula na nguo bado zipo. Ingia ukiwa na muda, usiingie dakika kumi kabla hawajafunga.

Haya, mama. Mwambie mambo mawili kwa ukweli, usimfiche.

Malaria kwanza. Hofu yake haikutoka hewani, homa ya mabwawa iliua watu Camargue, yaani nchi ya delta ya Rhône, karne nyingi, ndo ileile iliyomlazimisha mfalme kusamehe kodi. Lakini malaria ya wenyeji ilishakwisha huko karne ya 20, na tangu 1958 kuna taasisi ya umma ya kupambana na mbu kwenye pwani yote hiyo. Mbu wenyewe wapo, tena wengi, Mei hadi Oktoba jioni watakukera, na siku hizi kuna mbu chui mwenye mistari myeupe anayeweza kusambaza dengi na chikungunya, kwahiyo neti ya dirisha na kumwaga maji yaliyosimama kwenye vyungu sio mambo ya kuacha Malindi. Hatari kubwa zaidi kwako iko kwingine: ukienda likizo nyumbani ukarudi Ufaransa, na wiki chache baadaye ukapata homa, usimeze panadoli ukalala. Nenda kwa daktari siku hiyohiyo na uanze kwa kumwambia nimetoka pwani ya Kenya naomba kipimo cha malaria, manake daktari wa huku akikuangalia mwezi wa Januari atafikiria mafua. Ukiona kuchanganyikiwa, kutapika bila kukata au macho kuwa ya njano, piga 15, namba ya dharura ya matibabu huku, hata kama ni usiku.

Mafuriko ndo jambo la kuangalia kweli. Mji hauzami, ila nchi yote ile iko chini karibu usawa wa bahari, na maji yanaweza kuja kwa njia tatu: dhoruba kutoka baharini, Rhône, na mto Vidourle, ambao kiangazi unauvuka bila kulowa na vuli unajaa kwa saa chache mpaka wenyeji wana jina maalum la mafuriko yake. Septemba 2002 mkoa wa Gard ulipigwa vibaya sana, na Desemba 2003 matuta ya Rhône yalipasuka nyanda zikafunikwa. Hii haimaanishi usikae huko, watu wanakaa na wanalea watoto, inamaanisha nyumba na nyumba hazifanani. Chumba cha ghorofa ya kwanza ndani ya ukuta ni kitu kimoja, nyumba ya chini kabisa kwenye mtaa mpya pembeni ya mfereji ni kitu kingine, hata kama kodi zinalingana.

Mimi ningekuwa wewe ningefanya hivi kabla ya kusaini. Sheria inamtaka mwenye nyumba akupe karatasi inayoitwa état des risques, yaani maelezo ya hatari za mahali nyumba ilipo, pamoja na mkataba, akikwambia ataileta baadaye usisaini. Ingia Géorisques, ni tovuti ya serikali, andika anwani kamili uone. Alafu nenda mwenyewe mairie, yaani ofisi ya manispaa, ya Aigues-Mortes uombe kuonyeshwa ramani ya hatari ya mafuriko na mtaa wako uko rangi gani, na ukiwa hapo waulize majirani wa hiyo nyumba maji yaliwahi kufika wapi, wazee watakuonyesha alama ukutani. Bima ya nyumba kwa mpangaji ni lazima kisheria, hakikisha unayo tangu siku unapokea funguo. Kama mkataba una kitu hukielewi au mwenye nyumba anaomba pesa ya ajabu, ADIL ya Gard wana wanasheria wa nyumba na ushauri ni bure, usiniulize mimi wala usiulize kwenye grupu, wapelekee karatasi waisome.

Kuhusu hiyo kodi nafuu, piga hesabu na usafiri. Reli ya Aigues-Mortes inakwenda Nîmes, haiendi Montpellier, kwahiyo utategemea basi au kuzunguka. Bila gari, na vipindi vya saa mbili asubuhi, ule unafuu unaweza kuisha kwenye nauli na uchovu. Panda hilo basi siku ya kawaida ya masomo, asubuhi uende chuo, usiku urudi, tena ufanye hivyo baada ya msimu wa watalii, kwa kuwa ratiba ya Julai sio ya Novemba. Ukiona unafika kwa wakati na chumba kiko juu, mwambie mama achague picha nyingine ya kuangalia. Ukiona hufiki, kaa Montpellier, Aigues-Mortes utaenda Jumamosi.